Kompyuta Ilivyofunzwa Kumtambua Nyangumi kwa Mkia

Nyangumi mwenye nundu anapozama huinua mkia juu ya maji. Upande wa chini wa mkia huo una mabaka meusi na meupe, makovu na kingo zenye meno kama ya msumeno zinazomtofautisha na nyangumi wengine wote. Watafiti wamekuwa wakiwatambua kwa picha za mkia tangu miaka ya 1970, lakini kila picha mpya ililazimika kulinganishwa kwa macho na maelfu ya zilizotangulia.

Mwishoni mwa 2018, Happywhale, mradi wa Marekani unaopokea picha za nyangumi kutoka kwa watafiti na watalii wa dunia nzima, uliziweka picha zake kwenye jukwaa la mashindano la Kaggle, ili watu washindane kuunda programu ya kuwatambua. Zawadi zote pamoja zilikuwa dola 25,000. Shindano lilipofungwa Februari 2019, timu zaidi ya 2,000 zilikuwa zimejitosa.

Ugumu ulikuwa ndani ya data yenyewe. Picha za mafunzo zilizidi kidogo 25,000 na nyangumi waliotambuliwa walikuwa 5,004, lakini zaidi ya 2,000 kati yao walikuwa na picha moja tu. Programu ya kawaida ya kutambua picha huhitaji mifano mingi ya kila kitu inachofunzwa. Hapa ilitakiwa imjue mnyama kwa kumwona mara moja, na pia iweze kukiri kwamba aliye mbele yake hajawahi kuonekana. Kwa kila picha iliruhusiwa kutaja majina matano. Jibu sahihi likiwa la kwanza lilipata alama kamili, likiwa la pili nusu, na kuendelea kupungua.

Wengi wa waliofanya vizuri waliligeuza swali. Badala ya kuuliza "huyu ni nani kati ya 5,004?", waliuliza "picha hizi mbili zimekaribiana kiasi gani?" Mbinu mojawapo, ArcFace, ilibuniwa kwa ajili ya nyuso za watu. Kila picha hugeuzwa kuwa safu ya namba. Programu hufunzwa kuzivuta pamoja safu za mnyama mmoja na kuzisukuma mbali za wanyama tofauti. Picha mpya ikiwa mbali na zote, basi huyo ni mgeni.

Timu iliyoshinda iliongeza hila ninayoiona kuwa bora kuliko zote. Kwa kawaida, kupindua picha kushoto kwenda kulia ni njia ya kupata mfano mwingine wa kitu kilekile. Lakini mabaka ya mkia hayalingani pande mbili, kwa hiyo mkia uliopinduliwa ni wa mnyama asiyekuwepo. Timu hiyo ikauhesabu kuwa nyangumi mwingine kabisa, na 5,004 wakawa 10,008. Hapo programu ililazimika kusoma alama zenyewe, si umbo la mkia tu. Hilo lilitokana na kumfikiria mnyama, na hakuna mashine kubwa ambayo ingelifanya kwa niaba yao.

Mmoja wa washindani aliendelea kushirikiana na Happywhale, na mfumo uliotokana na kazi hiyo hutambua mikia iliyopigwa picha nzuri kwa usahihi wa asilimia 97 hadi 99. Matunda yake yalionekana 2024: watafiti walikadiria kuwa nyangumi hao katika Pasifiki ya Kaskazini walipungua kutoka takriban 33,500 mwaka 2012 hadi 26,700 mwaka 2021, na wakahusisha anguko hilo na wimbi la joto baharini la 2014 hadi 2016. Hesabu kama hiyo, ya bahari nzima na ya miaka mingi, ingekuwa kazi ngumu mno kwa macho ya watu pekee.

Nyangumi wenye nundu hupita pia pwani ya Kenya na Tanzania kati ya Julai na Oktoba. Nahodha, mvuvi, mwongoza watalii: ukiwaona, kaa mbali, subiri mkia uinuke, upige picha kutoka nyuma, andika tarehe na mahali, kisha uitume kwa Happywhale.