Ukifungua alama za usemi, uzifunge

Wandugu, mwezi huu nimesoma memwari nne za wadogo wetu wanaomaliza masomo, zote zimejengwa juu ya mahojiano na watu wa vijijini. Mada ni nzuri, na inaonekana walitembea kweli. Lakini kuna kitu kimenisumbua kuliko makosa ya Kifaransa: alama za usemi.

Ndani ya moja, mama mkulima anaanza kusema baada ya «, anaeleza namna shamba lake lilichukuliwa, halafu alama haifungwi. Aya inaendelea tu. Mistari minane chini, chifu anashtakiwa. Ni nani anamshtaki? Mama ao mwandishi? Siku mtu akipeleka ile karatasi mbele ya chifu, mama njo ataitwa kujibu. Wengi wanadhani zile alama ni mapambo. Hapana, ni mpaka wa shamba: hapa maneno yako, pale ya mwenzako.

Memwari ingine iko na aina tatu kwa pamoja: « », “ ” na zile zinazosimama wima, " ". Eti ni mashine. Sawa, mashine inafanya hivi: ndani ya Word, lugha ikiwa Kifaransa, ukigusa kifungo cha 3 kwenye klavie ya AZERTY, inaweka yenyewe « pamoja na nafasi yake. Lugha ikiwa Kiingereza, inaweka “. Lakini maneno uliyonakili kutoka intaneti yanaingia na alama zao, na Word haizigusi. Basi msomaji mwenye macho anaona mahali uliokota kila kipande, kama viraka juu ya suruali. Sisemi kila mwenye viraka ameiba. Wengi wanaandikiwa kwenye sekretaria za mtaani, wanalipa kwa ukurasa, na anayepiga hana wakati wa kuuliza. Ila jina juu ya jalada si la mpigaji.

Ritifaa nayo inaonewa. Kifaransa inaitumia karibu kila mstari; Kiswahili inaihitaji hasa mahali pamoja, kwenye ng’, na pale njo tunaitupa. Najua, huku kwetu wengi tunatamka tu ngombe, haituumi. Lakini anayesema anaandika Kiswahili sanifu asichanganye ng’oa, kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa, ambayo ni wivu na tamaa. Wengine wanaweka ` ya AltGr na 7, ambayo si ritifaa hata kidogo. Kifungo ni cha 4. Ukitaka ile iliyopinda na Word imekataa, shika Alt, piga 0146 kwenye tarakimu za upande wa kuume. Kwa « ni 0171, kwa » ni 0187. Dakika moja ya kujifunza, na watu wamekaa miaka mitano chuoni bila kuuliza!

Memwari ya nne, niseme ukweli, iko safi. Kila anayesema ndani yake amefunguliwa na amefungwa, hata bibi mmoja ambaye neno lake ni moja tu: « Tulihama. » Nilijua ni yeye anasema, si mwanafunzi.