Heko, Wasugua Zege

Karibu na Spokane, jimbo la Washington nchini Marekani, matairi ya majira ya baridi yenye vijimisumari huila zege ya barabara kuu ya I-90 mpaka ikafanya mifereji. Mvua ikinyesha, maji hutuama humo na magari huteleza.

Mafundi wanaoitengeneza wanastahili heko kubwa. Mashine yao ina misumeno mingi ya almasi iliyobanana kwenye mhimili mmoja, ikipozwa kwa maji; hukwangua milimita chache tu za zege iliyoinuka hadi njia ikawa sawa, na tope hufyonzwa papo hapo. California imekuwa ikitumia mbinu hii tangu 1965. Mara nyingi mafundi hawa hufanya kazi usiku, magari yakiwapita ubavuni. Dereva, ukiwakuta, punguza mwendo.