Peremende ya Pili: Jaribio Lilipima Nini Hasa?

Katika mwaka wangu wa kwanza niliwasilisha darasani jaribio la Walter Mischel kuhusu watoto na peremende. Nilihitimisha kwamba mtoto asiyeweza kusubiri atapata shida shuleni, kisha nikaipamba hoja kwa methali "Subira yavuta heri." Hakuna aliyenipinga. Katika insha hii ninajipinga mwenyewe. Wengi wetu tunasomea ualimu, na kesho tutatumia nadharia kama hizi kuamua ni mtoto gani ana nidhamu na ni yupi hana.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, katika shule ya chekechea ya Bing iliyomo Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mtoto wa takriban miaka minne aliachwa peke yake chumbani. Akisubiri mpaka mtafiti arudi, angepewa vitamu viwili. Akishindwa, angepiga kengele na kupewa kimoja. Mwaka 1990, Shoda, Mischel na Peake walichapisha matokeo ya ufuatiliaji: katika hali moja ya jaribio, waliosubiri zaidi utotoni walipata alama za juu zaidi katika SAT, mtihani unaotumiwa kuomba nafasi vyuoni Marekani.

Udhaifu wa kwanza ni sampuli. Watoto zaidi ya 600 walishiriki majaribio ya awali, lakini uhusiano huo na alama za SAT ulitokana na watoto 35 tu, tena wa shule moja iliyohudumia hasa jumuiya ya chuo kikuu. Waandishi wenyewe walitahadharisha kuhusu jambo hilo. Sisi wasomaji ndio tulioisahau tahadhari. Mwaka 2018, Watts, Duncan na Quan walichunguza watoto 918 wa hali mbalimbali za maisha. Uhusiano kati ya kusubiri na ufaulu wa umri wa miaka 15 ulikuwa takriban nusu ya ule wa awali. Walipozingatia hali ya familia, mazingira ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa mapema, ukapungua tena kwa theluthi mbili. Ni haki kusema kwamba wao walikomea dakika 7 za kusubiri, kwa hiyo ulinganisho si kamili. Hata hivyo, picha niliyoichora darasani haisimami tena.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi, nao unahusu uhalali: je, chombo kinapima kile tunachodai kinapima? Mwaka 2013, Kidd, Palmeri na Aslin walitanguliza hatua moja. Mtafiti aliwaahidi watoto vifaa bora zaidi vya kuchorea. Kundi moja lilitimiziwa ahadi; kundi la pili liliombwa radhi na kuambiwa havipo. Ndipo likafuata jaribio la kitamu. Watoto waliotimiziwa walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi; waliovunjiwa ahadi, dakika 3 hivi. Walikuwa watoto 28 tu, na kosa la sampuli ndogo nisililaumu kwa Mischel nikalisamehe hapa. Lakini tofauti ni kubwa, na swali linabaki. Mtoto anayekula mara moja huenda hakukosa utashi. Huenda amepima mtu aliye mbele yake, akaona ni salama kuchukua alichonacho.

Mfano wa Kamerun unaongeza utata. Lamm na wenzake walilinganisha watoto wa jamii ya Nso na watoto wa tabaka la kati Ujerumani. Takriban asilimia 70 ya watoto wa Nso, waliowekewa andazi la kwao, walisubiri hadi mwisho. Kwa Wajerumani hawakufika asilimia 30. Tunaweza kushangilia kama Waafrika, lakini kimbinu tuulize: huo ulikuwa uwezo wa kujizuia, au utii kwa mtu mzima aliyesema ngoja? Dakika zilizohesabiwa ni zilezile, ila maana yake inabadilika kutoka nyumba hadi nyumba.

Kwa hiyo methali niliyoitumia haikutosha. Ilihitaji nyingine kando yake: "Ahadi ni deni." Jaribio linahusu watu wawili, mtoto na mwenye kuahidi, nasi tulimpa alama mmoja tu. Mtoto ambaye nyumbani cha kesho hakina uhakika anaweza kuandikwa kuwa hana subira, na maandishi hayo yakamfuata darasa hadi darasa.

Sisemi jaribio litupwe. Ninapendekeza kwamba tunapoliwasilisha, tutaje idadi ya watoto, watokako, na maelezo mbadala ya matokeo. Na kabla ya kuandika kwamba mwanafunzi hawezi kusubiri, tuulize kwanza ni ahadi ngapi alizopewa zilizotimizwa, zikiwemo zetu.