Hongera kwa Wapika Mbege

Anayedhani mbege, pombe ya Wachaga, ni ndizi na ulezi tu, basi, aende akashinde jikoni kwa mama mmoja wa Kichaga kule Marangu. Ndizi huachwa ziive hasa, kisha huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zibadilike rangi, halafu hufunikwa siku kadhaa zichachuke. Hamira ya dukani haimo. Vijidudu vya hewani na vya chombo chenyewe ndivyo vinavyofanya kazi.

Ulezi nao hulowekwa, huoteshwa, huanikwa, husagwa, ndipo upikwe uji wa kuchanganywa na ndizi hizo. Kuoteshwa huko ndiko kunakoipa punje nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari, na akina mama hawa walilijua hilo bila maabara.

Sasa njoo kwenye gome la mti wa msesewe, chungu kama kwinini, linalotiwa humo. Hapo ndipo mpishi anapojulikana. Likizidi, wazee hukunja uso. Likipungua, mnakunywa uji mtamu (mimi nilishawahi kuunywa, sitaki tena). Mama hana mizani. Anachota kidogo kwa kata, anaonja, ananyamaza, anatazama juu kama anayekumbuka jina la mtu, kisha anaongeza kipande kimoja.

Bia ya chupa hukaa miezi. Mbege haisubiri, ndiyo maana hupikwa kwa ajili ya watu wengi: posa, kikao cha ukoo, matanga.

Hongereni, akina mama. Nawe ukialikwa, wahi. Baada ya siku chache ni siki.