Zeze la Mkono Mdogo

Fundi wa zeze akiagizwa kazi na mtu mzima huanza kuchonga siku hiyohiyo. Akiagizwa zeze la mtoto, hukaa kwanza akatafakari. Nimeyaona haya Soweto, hapa Moshi, kwenye kibanda cha seremala mmoja mzee, Mgogo aliyekuja Kilimanjaro kutafuta maisha akiwa kijana, na tangu hapo Dodoma huenda kusalimia tu. Vitanda na meza ndivyo vinavyomlisha. Mazeze huyatengeneza jioni, na Jumapili baada ya ibada, na ukimtazama hutauliza kazi ipi aliipenda tangu utotoni.

Hoja yake ni fupi, nami naiunga mkono kabisa. Mtu mzima akipewa chombo kibovu atakilazimisha: atabadili mkao, atakaza uzi, na akishindwa atamrudia fundi kwa maneno makali. Mtoto hamrudii fundi. Hujilaumu mwenyewe. Akivuta uta ukatoa mkwaruzo, huamini kwamba hajui na hatajua, na haupiti muda chombo kinakuwa pambo la ukutani. Kwa hiyo zeze la kujifunzia ndilo linalodai ufundi mwingi zaidi, kwa sababu anayelishika hana uwezo wa kufidia kasoro zake.

Niliyemwona akipimwa ni binti wa darasa la pili, aliyeletwa na mama yake. “Shikamoo babu.” “Marahaba mjukuu wangu. Hebu kikumbatie hiki.” Akampa kibuyu kitupu, kisicho na ngozi wala shingo. Zeze la Wagogo hupigwa kibuyu kikiwa kimeegemezwa tumboni au kifuani, kwa hiyo upana wa kibuyu ndio unaoamua mikono itakaa wapi. Kibuyu cha kwanza kilimfanya mtoto anyanyue kiwiko kama bawa la kuku. Mzee akakichukua bila kusema kitu, akampa kingine. Cha pili kilikuwa chembamba mno, kikateleza. Cha tatu mtoto alikikumbatia, akasahau kwamba amekishika, akaanza kuangalia vyombo vingine mezani. “Hicho,” mzee akasema. Kisha akatoa kamba ya katani, akaipima kutoka kifuani kwa mtoto hadi kwenye ncha za vidole vya mkono wa kushoto, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, akafunga fundo. Futi ya chuma ilikuwa palepale mezani, na hakuigusa. Kamba ile yenye fundo aliitundika kwenye msumari, na ndiyo iliyoongoza kazi yote iliyofuata.

Vibuyu vyenyewe vinatoka kwao Dodoma. Hutaka kilichokaukia kwenye mmea wake shambani, si kilichochumwa kibichi kikakaushwa juani, kwa maana hicho cha pili hunywea na kupata nyufa nyembamba zisizoonekana mpaka siku nyuzi zinapokazwa. Huvigonga kwa ukucha kimoja kimoja, sikio karibu. Hukata mdomo kwa msumeno wenye meno madogo, akatoa mbegu na utando wa ndani, kisha hukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukuta uwe na unene uleule pande zote. Kazi hiyo ya kukwangua ndani hakuna atakayeiona, na ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko kupaka vanishi.

Ngozi Moshi haina shida. Mji unaopenda nyama choma kiasi hiki haukosi ngozi ya mbuzi. Ila kwa zeze la mtoto mzee hutafuta ngozi ya mbuzi mchanga, nyembamba, na sababu yake ni ya kisayansi hata kama yeye haielezi hivyo: kibuyu kidogo hakina hewa nyingi ndani, na uzi mwembamba hauna nguvu nyingi ya kutikisa. Ukiviwekea ngozi nene, sauti inafia hapohapo. Ngozi huilowesha kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yalegee, akaiparua kwa kisu butu, akaiosha, akaivuta juu ya mdomo wa kibuyu ikiwa bado mbichi na kuibana kuzunguka ukingo kwa miiba ya mgunga.

Kuvuta ngozi ni jambo la kutazamwa kwa utulivu. Anaanza na miiba miwili inayotazamana, halafu miwili mingine inayokata ile ya kwanza, na kila anapobana upande mmoja anarudi kulegeza upande wa pili, kidole gumba kikipita juu ya ngozi kutafuta mahali palipozidi. Haikazi sana. Ngozi ikikauka hujivuta yenyewe, na aliyeikaza mno ikiwa mbichi ataikuta imepasuka, au imekipasua kibuyu. Kisha huiweka kivulini. Jua la mchana la Moshi ni kali, na ngozi iliyokaukia juani hukakamaa upande mmoja kabla ya mwingine. Kivulini hukauka polepole, na akiigonga kwa ukucha unasikia sauti ikipanda siku hadi siku.

Shingo huichonga kutoka kwenye vipande vya mringaringa vinavyobaki karakana za jirani. Mringaringa ni mti wa kihambani. Wachagga wamekaa nao miaka mingi wakiuacha utie kivuli kahawa na migomba, na mbao zake wamezitumia kwa ngoma na mizinga ya nyuki. Ni mti mwepesi unaokubali patasi, nao mkono wa mtoto hauchoki kuushika. Ncha ya chini ya shingo hupenya kibuyu na kutokeza upande wa pili. Hapo mzee hatii gundi. Matundu huyatoboa yawe ya kubana tu, mvutano wa nyuzi ukamilishe kazi, kwa sababu mtoto atarefuka, na siku hiyo shingo itachomolewa iwekwe ndefu zaidi huku kibuyu kikibaki kilekile.

Vigingi vya kukazia nyuzi ni vya mpingo, vipande anavyovipata kwa wachonga vinyago. Mpingo ni mzito kiasi kwamba hata mkavu huzama majini, na ndiyo sababu viwanda vya Ulaya vinautafuta kwa klarineti na obo. Ni mti wa taifa letu, na unahitaji zaidi ya nusu karne kukomaa hadi kufaa kwa kazi hizo. Siwezi kuutaja mpingo nikiwa Moshi nisimtaje hayati Sebastian Chuwa wa Kibosho, aliyeanzisha pamoja na Mmarekani James Harris mradi wa kuuhifadhi mwaka 1996, akahamasisha watoto wa shule na vikundi vya wanawake kuotesha miche katika mkoa huu mpaka alipofariki mwaka 2014. Alipanda akijua hataivuna. Kigingi cha zeze hakihitaji kipande kikubwa kuliko kidole, na napenda kwamba mabaki ya mti uliongoja hivyo yanaishia mkononi mwa mtoto.

Nyuzi ni mbili. Zamani zilikuwa za mishipa ya wanyama. Siku hizi ni waya wa breki ya baiskeli. Waya huo ukiufumua unakuta nyuzi nyingi nyembamba zimesokotwa pamoja. Kwa mtu mzima mzee huchagua nene, kwa mtoto huchagua nyembamba, na hapa ndipo hesabu yote inapokutana. Uzi mfupi hulia juu. Ukiulegeza ushuke, unalegea mpaka unapoteza sauti. Ukiuacha mnene na kuukaza, unaumiza vidole na kuivuta shingo. Uzi mwembamba kwenye shingo fupi, juu ya ngozi nyembamba, juu ya kibuyu kilichokwanguliwa vizuri: badilisha kimoja tu kati ya hivyo, na vingine vyote vitakudai. Ndiyo maana nasema zeze la mtoto halipatikani kwa kulipunguza la mkubwa.

Uta ni fimbo iliyopindwa na kutiwa nyuzi za katani zilizochanwa vizuri. Bila ulimbo hautoi kitu. Mzee hutumia utomvu mkavu wa mipaina ya mashamba ya miti ya West Kilimanjaro, anauyeyusha kwenye kopo, anauacha ugande. Mtoto anafundishwa kuupaka ulimbo kabla ya kufundishwa wimbo wowote.

Mama yule aliomba jambo moja. Alikuwa amewahi kuona gitaa na vile vyuma vinavyokatisha shingo yake, akauliza kama mzee hawezi kuchora mistari kumwonyesha mtoto pa kuweka vidole. Mzee akakataa kwa upole. “Mama, nikimchorea atasoma mistari. Nataka asikie.” Akaimba sauti moja, mtoto akaifuata kwa mdomo, kisha akaitafuta kwenye uzi, kidole kikipanda na kushuka mpaka sauti zikakutana. Hivyo ndivyo zeze lenyewe linavyotegwa: fundi huimba kwanza, uzi hukazwa kumfuata. Nimewahi kusikia wataalamu wakibishana kuhusu kama mtoto asaidiwe kwa alama au la. Baada ya kuona kile kidole kikitafuta, mimi niko upande wa mzee.

Mafundi wa nchi za mbali nao waliliona hitaji la mikono midogo. Japani, Shinichi Suzuki, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha fidla Nagoya, alifundisha watoto wadogo kabisa kwa fidla zilizotengenezwa kwa vipimo vyao, hata zile zinazoitwa za moja ya kumi na sita, na njia yake ikaenea duniani. Kiwanda, hata hivyo, hutengeneza saizi, na mtoto hutafutiwa inayomkaribia. Kwenye kibanda cha Soweto kuna kamba yenye fundo la mtoto mmoja.

Na huyu mmoja ni wa kike, jambo ambalo si dogo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyelitoa zeze Dodoma akalifikisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kwenye majukwaa ya ulimwengu, alikuwa hodari aliyeliongezea nyuzi kuliko mazoea ya wazee wake. Alifariki Desemba 2003. Katika ukoo wake wanawake walicheza, wakaimba na kupiga ngoma kwa miaka mingi huku mbele wakisimama wanaume. Pendo na Leah Zawose, waliotoka katika ukoo huohuo, ndio waliokuja kusimama mbele kwa jina lao wenyewe na kutoa albamu yao ya kwanza, Maisha, mwaka 2024. Mzee wa Soweto analijua hilo, na alipoulizwa na jirani kwa nini anamchongea msichana, alijibu kwamba kibuyu hakiulizi.

Kinachonisumbua ni upande wetu wazazi. Tunanunua gitaa la plastiki la dukani kwa bei isiyopungua sana ile ya zeze la mkono, linapasuka kabla ya muhula kwisha, kisha tunatangaza kwamba mtoto wetu hana kipaji. Kipaji hakikupimwa hata kidogo. Kilichopimwa ni plastiki. Na mafundi wa aina hii, wanaofanya mazeze jioni kwa sababu mchana lazima watengeneze vitanda, wataendelea kupungua kama hatuwaagizi.

Kwa hiyo, mwenye mtoto anayependa muziki, usimwagizie chombo kwa simu. Nenda naye kwa fundi, akumbatie kibuyu, apimwe mkono. Lipa bei anayoitaja, na usimharakishe. Ngozi ina siku zake. Zeze likishafika nyumbani litundike mahali pakavu, mbali na jua la dirishani, na masika yakianza ngozi ikalegea usikaze nyuzi kwa nguvu. Lisogeze karibu na joto la jiko kwa muda, kisha mrudishie mtoto apige.