Kigoda Kilichogeuka Nyumba: Kuyasoma Majengo ya Bujora

Mtalii anayezuru makumbusho ya Berlin hupokewa na majengo kabla hajapokewa na vitu vilivyomo. Altes Museum, kazi ya msanifu Karl Friedrich Schinkel iliyofunguliwa mwaka 1830, imepanga mbele yake nguzo 18 za mtindo wa Kigiriki. Mgeni hajaona sanamu hata moja, lakini ngazi na nguzo zimekwisha kumwamuru ashushe sauti, maana anaingia hekaluni. Ng'ambo ya bustani iko Humboldt Forum, iliyojengwa upya kwa sura ya kasri la wafalme wa Prussia. Humo ndimo mwishoni mwa mwaka 2024 yalimofunguliwa maonyesho ya historia za Tanzania, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa letu. Ushirikiano huo ni jambo jema. Hata hivyo, kuta zina kauli yake: ukitazama vitu vya watu wa Tanganyika ndani ya kasri hilo, unavitazama nyumbani kwa mfalme mwingine.

Nimeanza Berlin kwa sababu Mwanza, mji ulio jirani na Bujora, ina deni lake huko. Jiwe maarufu kuliko yote mjini, lile lililobebana na mengine majini karibu na kivuko cha Kamanga, wageni hulipiga picha kwa jina la Bismarck, kansela wa Ujerumani aliyewakaribisha wagawanyaji wa Afrika mjini Berlin kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, na ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili. Jiwe lenyewe halijachongwa. Ni jina tu lililolifanya mnara wa kumbukumbu, na jina hilo halimfundishi mtazamaji lolote kuhusu ziwa wala wavuvi wake.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma, kilomita kama 20 hivi, unafika Kisesa, na hapo jirani ndipo ilipo Bujora, yenye makumbusho ya Wasukuma. Mwanzilishi wake ni padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, ambaye mwaka 1958 alijenga hapo kanisa la duara lenye samani za Kisukuma. Duara lile lina maana. Katika kanisa refu la mtindo wa Ulaya kuna wa mbele na kuna wa nyuma kabisa, mlangoni. Penye duara, umbali huo unapungua na waumini wanaonana nyuso. Umbo la msonge limefanya kazi ya mahubiri kabla padri hajafungua kinywa.

Lakini jengo linalostahili kusomwa polepole ni banda la ngoma za watemi, watawala wa jadi wa Wasukuma. Limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi. Schinkel aliazima umbo la hekalu la mbali ili kuvipa heshima vitu alivyovihifadhi. Bujora imechukua umbo la kitu chenyewe cha utawala, ikalikuza mpaka watu wakaweza kuingia ndani yake. Kigoda kidogo hukaliwa na mtu mmoja, na wengine wote husimama au huketi chini. Kigoda kikubwa kiasi hiki hakina wa kukikalia. Kila anayeingia, awe mjukuu wa mtemi au mwanafunzi aliyekuja na shule yake, anapita mahali palipokuwa pa mtu mmoja. Na ghorofa ya juu, pale ambapo kwa hesabu ya umbo angeketi mtemi, zimewekwa ngoma. Mpangilio huo naufahamu hivi: mamlaka yamekabidhiwa sauti. Ukikumbuka kwamba mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa utawala wa watemi, jengo linazidi uzito. Utemi uliokosa ofisi ulipata umbo.

Nina shaka moja nalo. Kigoda hiki kimesimama katika uwanja wa parokia, na aliyeuasisi mradi wote alikuwa padri. Utemi umeheshimiwa, lakini umewekwa chini ya mwenyeji mpya. Mtazamaji makini hawezi kuusifu usanifu wa Bujora akaliruka hilo.

Nyumba nyingine za uwanjani, ya mhunzi na zana zake, ya mganga, na makazi ya kawaida, zinaeleza vizuri, ila zinaishia kwenye kueleza. Ni mifano. Kinachonirudisha kwenye fikra ni silinda inayozungushwa kwa mkono, inayoonyesha namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na hesabu yake, ambayo marika mengine hayakuielewa. Hesabu hizo zilikuwa uzio. Silinda imezipanga pamoja, na anayeizungusha anavuka kwa dakika chache nyua ambazo zamani mtu alizivuka kwa umri. Chombo kinachohifadhi siri hiyo ndicho kinachoivunja, na sioni namna nyingine ambayo ingeweza kuhifadhiwa.

Kisha kuna sehemu ya makumbusho isiyo na kuta. Kila Juni, katika majira ya sikukuu ya Ekaristi, Bujora huwa na Bulabo, mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji wa Kisukuma. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, wengine na majembe ya ngoma ya bugobogobo, wengine na nyoka, na ushindi huenda kwa upande uliovuta umati mkubwa zaidi. Berlin mgeni hupita mbele ya kabati la kioo, na kabati hubaki kama lilivyokuwa, awe amevutiwa au amechoka. Hapa mtazamaji akihama hatua kumi, matokeo yanahama naye. Ngoma za watemi nazo bado hupigwa katika sikukuu za kanisa na viongozi wa serikali wanapozuru. Kwa hiyo, kulihakiki banda la kigoda siku ya kawaida, ngoma zikiwa kimya, ni kusoma nusu ya kazi. Nusu ya pili husomwa uwanjani, kwa miguu.