Nani Aliulizwa? Kuisoma Uhuru Park

Wenzangu katika kurasa hizi huhakiki vitabu na nyimbo. Mimi leo naomba nihakiki bustani. Msicheke. Bustani nayo ina mwandishi. Kuna mtu aliyeamua njia ipite wapi, benchi litazame upande gani, geti lifungwe saa ngapi. Ukiisoma vizuri unajua huyo mwandishi alikuwa anamfikiria nani, na nani hakumpita hata kichwani.

Nilikuwa Nairobi kwa matibabu, na kibali cha kusafiri cha wiki mbili mfukoni. Siku moja daktari akaniambia nirudi kesho. Kwa mtu wa kambini, siku nzima bila foleni ni kitu kikubwa. Nikatembea polepole mpaka Uhuru Park, nikakaa pale kutoka asubuhi mpaka jua likaanza kushuka.

Niseme mapema, ili nisionekane mtu wa kuchukia kila kizuri: nimeipenda. Njia zimesakafiwa, mtu wa magongo kama mimi hazami kwenye matope. Kuna taa. Zamani, watu wa Nairobi wenyewe wanasema, ukipita humo jioni ulikuwa unashika mfuko kwa mikono miwili. Nimeona mama amelala kwenye nyasi, mtoto juu ya tumbo lake, na hakuna aliyemwamsha. Hiyo si kazi ndogo.

Lakini mhakiki haishii kwenye jalada. Lazima aulize kitabu kiliandikwaje, na hapo ndipo Uhuru Park inanisumbua.

Bustani hii ilifunguliwa mwaka 1969 na Rais Jomo Kenyatta. Imebaki kuwa bustani kwa sababu ya watu ambao hakuna aliyewauliza. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kusimamisha humo jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai akaanza kuandika barua, huku na huku, mpaka nchi za nje. Bungeni walimtukana, na shirika lake la Green Belt Movement likafukuzwa kwenye ofisi. Lakini wafadhili wakaogopa, na jumba likafa kabla ya kuzaliwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakaketi kwenye kona ya bustani hiyohiyo, wakagoma kula wakidai watoto wao. Polisi wakawapiga. Kona ile mpaka leo inaitwa Freedom Corner. Halafu tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ya Kenya ikatangazwa rasmi palepale, mbele ya umati. Kifungu cha 10 cha Katiba hiyo kinataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa.

Sasa ona. Mwaka 2021 bustani ikafungwa ili ikarabatiwe, kazi ikiwa chini ya idara ya jiji iliyoongozwa na jenerali wa jeshi. Wanaharakati wakalalamika kwamba umma haukushirikishwa inavyopaswa. Yaani mahali ambapo wananchi waliahidiwa kuulizwa, ndipo palipozuka kelele kwamba hawakuulizwa. Mwandishi wa tamthilia akikuletea kisa hicho utamwambia amezidisha chumvi.

Mnaweza kuniambia: kama matokeo ni mazuri, kuna shida gani? Swali hilo nilikaa nalo muda, mpaka mpiga picha mmoja aliponijia na kamera yake shingoni. Sikuwa na pesa ya picha, tukabaki kupiga stori. Akaniambia, "Ikifika saa kumi, simama hapa. Jua linakupiga usoni, majengo ya tao yanang'aa nyuma yako. Ukisimama pale, picha ni giza tupu." Bustani anaijua kwa saa. Anajua familia hupumzika wapi, wapenzi hujificha wapi, wahubiri wa mchana husimama wapi, nani husogea akiwasikia. Nikamuuliza kama aliwahi kuitwa na mtu yeyote mwenye mchoro. Akacheka tu. "Mimi? Nani ataniita mimi, mzee wangu?"

Mtu huyo ana kichwani mchoro mwingine wa bustani, na hakuna karatasi uliowahi kuchorwa. Kumwacha nje ni hasara ya mchoraji mwenyewe.

Sisemi watu wakiulizwa mambo yote yananyooka. Wahubiri wanataka vipaza sauti, wanaolala wanataka kimya. Mpiga picha anataka umati, mama anataka choo safi kilicho karibu. Jamii haina mdomo mmoja. Na kwenye mikutano tunajua nani huongea: mwenyekiti, halafu rafiki wa mwenyekiti. Ndiyo maana kuuliza ni kazi ya kujifunza, kama useremala. Kule Kibera, shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa likitengeneza viwanja vya umma pamoja na wakazi tangu mwaka 2006. Wakazi wanapendekeza mahali, wanashiriki kuchora na kujenga, kisha wanasimamia wenyewe. Ndiyo maana utakuta choo, mahali pa kufulia na pa kuuzia vitu vinakaa pamoja na mahali pa watoto kucheza. Mtu aliye ofisini peke yake angechora bembea, akaenda zake.

Nimefika kwetu sasa, na ndugu zetu wa mashirika wanivumilie kidogo. Hapa Kakuma, katika mtaa wetu, tulikuwa na uwanja wa vumbi. Siku moja tukaitwa kutoa maoni juu ya kuutengeneza. Tukakaa chini ya turubai, tukatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, tukapewa soda na kalamu za rangi. Ukutani palikuwa na mchoro, tayari umepakwa rangi, miti ya kijani, watoto wanacheka. Tukaulizwa: mnaupenda?

Mama mmoja wa Uvira akasimama. "Ni muzuri. Lakini njia ya kwenda ku maji munaiweka wapi?" Kwa miaka yote akina mama walikuwa wakikata katikati ya uwanja ule na madumu yao kwenda bombani. Swali lake likaandikwa chini ya kichwa "Maoni mengine". Uwanja ukajengwa, na fensi ikawekwa pande zote nne. Haikumaliza mwezi, nyaya zikakatwa pande mbili, sawasawa na ile njia ya zamani. Baadaye nikasikia tunasemwa kwamba hatutunzi mali ya jamii.

Najua mfadhili ana tarehe, na ripoti haingoji. Lakini fensi ilinunuliwa kwa pesa, na kuishona tena kulitumia pesa nyingine. Swali la yule mama lilikuwa la bure. Lingejibiwa kabla ya mchoro kupakwa rangi, geti mbili zingetosha.

Kwa hiyo uhakiki wangu juu ya Uhuru Park ni huu: umbo ni zuri, mwanzo ni mbaya. Bado sijakata tamaa nayo, kwa sababu ya jambo moja. Tarehe 7 Julai 2024, vijana waliofanya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha walikusanyika humohumo kwa tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa. Waliimba na kulia kwenye nyasi zile mpya. Bustani iliandikwa upya bila wao, na wao wakaingia wakaandika ukurasa wao.

Ikifika saa kumi nilisimama pale aliponionyesha yule mpiga picha. Alikuwa amesema kweli kuhusu jua. Akanipiga picha moja bila malipo, akisema nitamlipa nikirudi. Ninayo hapa, na fensi yetu bado ina yale matundu mawili. Mkiitisha mkutano mwingine, anzeni kwa kupita humo na madumu.